Mshindilia Paa wa Kedeshi

Watoto wa Kedeshi walikuwa na mchezo wao. Mmoja anapanda ukutani, anaweka mikono mdomoni na kupaza sauti: "Chini kuna mtu? Nauliza, chini kuna mtu?" Wenzake wanacheka mpaka wanagaagaa. Elasa mwenyewe, mshindilia paa waliyekuwa wakimwiga, akiwa juu ya paa na kamba ya jiwe imezungushwa kiunoni, hakukasirika. Aliwangoja wamalize. Kisha aliuliza kwa sauti yake, akauliza tena, akachungulia, ndipo akaliteremsha lile jiwe zito la kushindilia udongo, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

Mvua za kwanza zilipokaribia, kila mwenye nyumba alimtaka yeye amshindilie udongo wa paa lake. Paa likishapitiwa na jiwe la Elasa, maji yaliteleza juu yake na kwenda zao.

Kwao ni Beth-Anathi. Huko ndiko jiwe lilikomponyoka, akiliteremsha kutoka paa la jirani yake Azeli. Azeli alikuwa anatoka mlangoni na bakuli la dengu, anamletea fundi wake chakula; jiwe likamuua palepale. Elasa hakupata nafasi ya kulia. Alimwona Hadlai, mdogo wake Azeli, akikimbilia ndani kutafuta mundu, naye akaishika njia pana ya Kedeshi, akakimbia. Kila njia panda ilikuwa na nguzo iliyoandikwa "Makimbilio", na kila nguzo aliigusa alipoipita, asije akadhani anaota.

Wazee walimsimamisha langoni na kumuuliza swali moja: "Jiwe ulikuwa unalipandisha, au unaliteremsha?"

Kila mtu alijua uzito wa swali hilo. Anayeponyokwa na mzigo akiupandisha, sheria inamwacha aende nyumbani. Anayeteremsha alipaswa kuangalia chini, naye atakaa katika mji wa makimbilio mpaka siku atakayokufa Kuhani Mkuu. Akitoka kabla ya hapo, mlipiza kisasi akimkuta nje ya mpaka na kumuua, hana hatia. Na juu ya paa la Azeli hakukuwa na shahidi.

"Nilikuwa naliteremsha," Elasa alisema. "Na sikuangalia."

Buki hakumsamehe kamwe kwa jibu hilo. Buki alikuwa mkata kuni. Kichwa cha shoka lake kilichomoka mpinini kikamuua mwenzake, na sasa yeye na Elasa walilala chumba kimoja.

"Neno moja tu limekushinda, ndugu yangu! Ungesema 'napandisha', leo ungelala na mkeo badala ya kunisikiliza mimi nikikoroma."

"Ningelala na uongo katikati yetu, Buki. Na kitanda chenyewe chembamba."

Kila mwaka, nyasi zilipochipua, mama yake Kuhani Mkuu alifika Kedeshi na punda waliobeba kanzu na mikate ya zabibu. Alikuwa mwanamke mzee, mnyoofu, aliyetembea mbele ya punda wake. Aliwavika na kuwalisha wauaji wote wa mji, wasije wakamwombea mwanawe kifo. Hakuficha sababu, wala wao hawakujifanya hawaijui. Buki alipokea kanzu kwa mikono miwili: "Mungu ampe mwanao maisha marefu, mama." Punda walipogeuka alimalizia: "Lakini yasizidi sana."

Elasa hakupanga foleni hata mara moja. Siku hizo alitafuta paa la mbali.

Mwaka ule Milka, binti yake, alipoposwa, Hogla mkewe alikuja kutoka Beth-Anathi. Hata maji hakunywa.

"Baba Milka, mavuno yakiisha mtoto anaolewa. Nani atamtoa mlangoni? Hadlai?"

Elasa alimsogezea kigoda, hakuketi.

"Wenzako wote wanaomba. Buki anaomba, hata ndevu zake zinaomba! Basi wewe usiseme kifo. Sema tu, 'Nirudishe nyumbani.' Njia aijue Mungu mwenyewe."

"Njia ni moja, Hogla. Tunaijua mimi, wewe na yeye."

"Una kiburi."

"Ninacho. Kila kitu kingine nilikiacha kwetu nilipokimbia."

Hogla aliondoka bila kumuaga, na kule langoni, alipodhani haonekani, alifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Siku chache baadaye punda wakafika. Elasa alikuwa anashindilia paa la mjane mmoja karibu na ukuta wa mashariki. Alisikia ngazi ikilia, akageuka, akamwona yule mama anapanda, kanzu begani, pumzi imemwishia.

"Wewe ndiye usiyepokea."

"Ndiye mimi, mama. Angalia usikanyage hapo, pabichi."

"Nguo zangu zina kasoro gani?"

"Hazina kasoro. Ila unanilipa nisifanye jambo ambalo silifanyi. Mimi tayari nina maiti wangu, mama. Mmoja ananitosha."

Mama yule alikaa kwenye ukingo wa paa, kanzu magotini.

"Anaumwa," alisema. "Tangu mwezi mwandamo hajainuka. Sikutaka wale wa chini wajue."

Moyo wa Elasa uliruka kama wa mtu aliyesikia akiitwa jina. Alimwona Milka katika mtandio wa arusi, akauona mlango wa nyumba yake, akajiona yeye mwenyewe akipita katikati ya watu mkono wa binti yake ukiwa mkononi mwake. Wala hakuhitaji kusema neno. Kunyamaza tu kungetosha. Akaitazama mikono yake, imejaa udongo mpaka viwikoni.

"Alipokuwa mdogo," aliuliza, "ulimwitaje?"

Mama alishangaa. "Panzi. Hakuwa anatulia."

"Basi nitamwombea Panzi apone."

Akapiga magoti palepale penye ubichi, akaomba kwa sauti, mama akimsikia. Kisha akamshikia ngazi, mama akashuka na kanzu yake.

Kuhani akapona. Milka akaolewa, na siku hiyo Elasa alishindilia paa moja tangu asubuhi mpaka jioni, uso wake umeelekea Beth-Anathi. Baada ya arusi Hogla alimletea kipande cha mkate wa tini. Safari hii aliketi.

"Hadlai aliniuliza kama ni kweli ulimwombea apone," alisema. "Nikamwambia ndiyo, huo ndio ujinga wa mume wangu. Hakucheka. Alikuja arusini bila mundu."

Kwa jinsi alivyolitamka neno "mume wangu", Elasa aliacha kutafuna ili alisikie vizuri.

Mjukuu alikuwa tayari anachunga mbuzi wakati habari ilipofika kwamba Kuhani Mkuu amefariki. Buki alicheza ngoma barabarani na goti lake bovu. Elasa alirarua ukosi wa kanzu yake.

"Unamlilia aliyekufungia humu?"

"Namlilia Panzi."

Mama yake marehemu, mzee kupita kiasi sasa, alimtuma mtu na punda mmoja na kanzu moja. Elasa akaipokea kwa mikono miwili. Sasa haikuwa inanunua kitu. Akaivaa, akatoka lango la Kedeshi mchana kweupe, anatembea katikati ya barabara, na nguzo zote alizipita bila kuzigusa.

Hakuanzia kwake. Alikwenda kwanza nyumbani kwa marehemu Azeli, ambako sasa Hadlai alikaa. Hogla, aliyekuja kumlaki njiani, akamfuata nyuma. Majani yalikuwa yameota juu ya paa.

"Mimi ndiye yule muuaji," Elasa alisema mlangoni.

"Nakujua," Hadlai alisema. Alimtazama kanzu, akamtazama mikono. "Paa linavuja. Tangu siku ile sijaruhusu mtu apande."

Elasa akavua kanzu, akampa Hogla. Akapanda na jiwe lililokuwa pale uani, akang'oa majani, akashindilia udongo mpaka jua lilipoelekea milimani. Kisha akazungusha kamba kiunoni, akasimama pale pale pa zamani, juu ya mlango.

"Chini kuna mtu?"

Hadlai alitoka ndani, akasogea mbali na ukuta, akaangalia kushoto na kulia.

"Nauliza, chini kuna mtu?"

"Hakuna mtu, kaka," Hadlai alijibu. "Teremsha."