Maji ya Moto Niliyooga Peke Yangu

Rafiki yangu alinizidi miaka saba, kwa hiyo nilimwita dada, naye akiniita mdogo wangu. Yeye alitoka Bujumbura, mimi Tanga. Tulijuana kanisani, Rinkeby, kitongoji cha Stockholm, kwenye kwaya ambayo Waburundi, Wakongo na Watanzania tunaimba pamoja, kila mmoja na Kiswahili chake. Mimi nilikuja Stockholm kwa mafunzo ya mwaka mmoja, nikaolewa, nikaachika, nikabaki. Naishi Akalla na nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Dada aliishi Jordbro, upande wa pili kabisa wa jiji, akipanga maboksi kwenye ghala. Alikuwa mjane. Mtoto wake ni mmoja tu, binti, aliyekuwa akisoma sheria kwenye chuo cha mji mwingine, mwendo wa saa nne kwa treni.

Mwishoni mwa kiangazi dada alinionyesha kwenye simu picha za mji mmoja mdogo wa kaskazini mwa Italia. Katikati ya mji maji yanatoka ardhini yakiwa yanachemka, na kuna nyumba ya kuogea ambayo watu wenye maumivu wamekuwa wakiiendea tangu enzi za Warumi. Vilima vyote vinavyouzunguka mji ni mashamba ya mizabibu.

"Kwetu bibi alikuwa ananipeleka kwenye maji kama hayo," alisema. "Weye una mgongo, mimi niko na magoti. Twende tukaoge."

Sikuuliza kwa nini ghafla hivyo. Miaka yote niliyomfahamu hakuwahi kuchukua likizo ya kwenda popote isipokuwa kuzika. Niliona amepungua, nikadhani ni mfungo, maana alikuwa mtu wa kufunga na kuomba. Nilifurahi kupata mtu wa kusafiri naye, basi.

Tuliruka hadi Milano Septemba, tukapanda treni mbili. Mji ulikuwa mzuri kuliko picha. Kwenye uwanja wake wa kati kuna kibanda cha marumaru, na ndani yake bomba linamwaga maji yanayofuka mvuke mchana na usiku, yana harufu ya kiberiti. Wanawake wa pale walipita na mifuko yao ya mboga bila hata kuyatazama. Dada alisimama mbele ya bomba muda mrefu, mkono wake umekaa kwenye mvuke. Nilimpiga picha. Baadaye, kuitazama picha ile kumenishinda.

Kesho yake asubuhi tulivuka daraja kwenda kwenye nyumba ya maji. Kabla ya kuingia, kila mtu anaonana kwanza na daktari. Mimi nilielewana naye kwa Kiingereza kidogo. Akanipima presha, akanigonga gonga mgongo, akasaini karatasi. Dada aliingia baada yangu. Daktari alijua Kifaransa, na dada Kifaransa ndiyo lugha aliyosomea. Mlango ulikuwa wa kioo cha ukungu. Niliwasikia wakizungumza, sauti zao chini, nami Kifaransa sijui hata neno. Walikaa sana. Alipotoka alikuwa akikunja karatasi fulani na kuitia mkobani.

"Anasema presha iko juu," aliniambia. "Nisiingie leo. Weye ingia."

"Basi turudi kesho, presha ikishuka."

"Mdogo wangu, tumetoka mbali. Ingia. Nitakungoja hapa."

Nikaingia. Wanakulaza juu ya tope la moto, wanakupaka mgongo na magoti, wanakufunga shuka kama mtoto mchanga. Halafu unaoshwa na kuingia kwenye bwawa la maji vuguvugu ndani ya jengo, madirisha yanaangalia vilima. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mgongo wangu ulinyamaza. Nilikaa humo karibu saa mbili. Nilijua dada ananingoja, na bado nilikaa.

Nilimkuta kwenye benchi la ukumbini, amevua viatu, makoti yetu yote mawili mapajani. Miguu yake ilikuwa imevimba. "Nieleze yote," alisema. Nami nikamweleza yote, mpaka namna tope lilivyokuwa laini, mpaka wimbo uliokuwa ukipigwa ndani. Nilijisifu kidogo pia, kwamba natembea kama msichana. Alinisikiliza huku akitabasamu, akauliza maji yalinifika wapi, kifuani au shingoni. Kisha akainama kuvaa viatu, na vikakataa kuingia. Alirudi hotelini amevaa ndara za nyumba ya maji.

Siku ya tatu tulipanda basi dogo hadi kwenye shamba moja la mizabibu. Mavuno yalikuwa yanakaribia kwisha. Mwenye shamba, mama wa makamo, alitukatia jibini na kutumiminia divai nyekundu, tamu, yenye povu jepesi. Dada alikunywa mara mbili akaweka glasi chini. Akaenda nyuma ya mstari wa mizabibu, nikamsikia anatapika. Nilipomfuata alikuwa ameshika mti wa kuegemezea mizabibu kwa mikono miwili. Akageuza uso kunitazama, na jua lilikuwa kali, na nikaona weupe wa macho yake umekuwa wa manjano.

Kazi yangu ni hiyo. Kila zamu naandika rangi ya ngozi ya wazee, nani kala, nani kapungua, mkojo wa nani umebadilika. Ningeona macho hayo kwa mzee yeyote wa Akalla ningempigia nesi kabla sijavua glavu. Kwa dada sikuyaona, kwa sababu sikuwa nikimtazama kama mgonjwa, na labda kwa sababu sikutaka.

"Ni nini?" nilimuuliza.

"Ni kongosho. Ni kansa." Alijifuta mdomo. "Tangu mwezi wa saba. Imeshafika kwenye ini. Yule daktari wa maji nilimwambia kweli, ndiyo maana alinikatalia."

"Mtoto anajua?"

"Hapana."

Tulikaa chini pale pale, kwenye udongo, kati ya mistari miwili. Alinieleza kwamba binti yake ana mtihani wa mwisho mwezi wa kumi na mbili. Akiambiwa sasa ataacha shule na kurudi Jordbro kumuuguza, na hatarudi tena chuoni. Miaka yote ya kubeba maboksi ilikuwa kwa ajili ya mtihani huo. "Acha amalize. Mimi mwenyewe nitamwambia siku ileile. Lakini weye usiseme. Niahidi."

Nikamwahidi. Sikusema hata "ngoja nifikirie".

Tuliporudi Stockholm ndipo ahadi ilipoanza kuwa kazi. Nilibadilishana zamu na wenzangu ili nimpeleke hospitali. Siku za matibabu, binti akipiga simu, dada alisema yuko mazoezi ya kwaya. Novemba ikaingia na giza lake la saa tisa alasiri. Nilikuwa nikitoka Akalla kwa treni ya chini ya ardhi, nabadili katikati ya jiji, napanda treni ya Jordbro, namkuta amejifunika mablanketi mawili na redio imewashwa asikie sauti ya mtu. Nilimpikia uji, alikula vijiko vitatu ili asiniudhi.

Wiki moja binti alinipigia mimi. Tangu utotoni aliniita mama mdogo, lakini neno hilo tu ndilo lilikuwa la Kiswahili. Mengine yote alisema Kiswidi.

"Mama mdogo, mama amekonda. Nimemwona kwenye video. Anaumwa?"

Nilikuwa jikoni kwangu, nimeshika taulo la vyombo.

"Ni ghala hilo," nilimjibu. "Wanamchosha. Soma, mwanangu."

Kunyamaza nilikuwa nimeahidi. Kudanganya sikuwa nimeahidi, lakini nilidanganya, tena kwa sauti ya kawaida kabisa.

Mtihani ulikuwa Alhamisi. Jumanne dada alianguka bafuni, jirani akaita gari la wagonjwa. Nilipofika wodini alikuwa anapumua lakini hajibu. Daktari wa zamu alisema ini limekoma kufanya kazi na asitegemewe kuamka. Nilisimama kwenye korido na simu mkononi. Hata hapo nilihesabu siku mbili zilizobaki. Kisha nikampigia binti.

Alifika usiku huo, na mtihani hakuufanya. Alikaa siku tano pembeni ya kitanda akimwita mama yake kwa lugha zote alizojua. Siku ya pili nesi mmoja, akidhani anamfariji, alimwambia kwamba mama hakuwa peke yake, kwamba mimi nilikuwa nikija naye kila mara tangu Septemba. Binti alitoka nje nilipokuwa nimekaa.

"Tangu lini ulijua?" Aliuliza kwa Kiswidi.

"Tangu Italia."

Alinitazama. Nilingoja apige kelele, hakupiga. Alisema polepole, kwa Kiswahili, akitafuta kila neno ili nisije nikasema sikuelewa.

"Miezi tatu. Umenichukulia mama miezi tatu."

Nilianza kusema kwamba mama yake ndiye aliyetaka. Akainua mkono, nikaacha. Ilikuwa kweli kwamba mama alitaka, na ilikuwa kweli alichosema mtoto, na mimi nilikuwa mtu mzima pekee aliyeweza kuchagua.

Dada alikufa Jumapili mchana, tukiwa wote wawili chumbani, kila mmoja upande wake wa kitanda. Hapa maziko hungojewa wiki kadhaa. Tulizika Januari, ardhi ikiwa imeganda. Kwaya iliniomba nizungumze kama rafiki wa karibu. Nilikataa nikasimama nyuma.

Mwezi wa pili binti alikuwa akirudisha nyumba ya Jordbro kwa wenye nyumba. Kina mama wa kanisa walikwenda kusaidia kusafisha, nami nikaenda, nikijua naweza kufungiwa mlango. Alinifungulia. Alinionyesha jiko, akasema oveni haijaguswa. Nikapiga magoti nikasugua oveni, halafu friji, halafu kuta nyuma ya friji. Yeye alikuwa akifunga nguo za mama yake kwenye mifuko, chumba cha pili. Wengine waliondoka mmoja mmoja. Jioni alikuja mlangoni akatazama jiko.

"Inatosha," alisema kwa Kiswidi. "Asante."

Nilinawa mikono, nikavaa koti. Nilitaka kumuuliza kama atarudia mtihani, lakini sikuona kama ninayo haki ya kuuliza. Alinifungulia mlango, nikatoka. Nimesikia kanisani kwamba aliurudia kiangazi akafaulu, na kwamba sasa yuko Göteborg. Mimi mwenyewe hajaniambia kitu.