Waliokufa Vizuri na Waliokufa Ovyo

Mama yangu alikuwa anajua nani atakufa. Simaanishi watu wa mtaani kwetu Newala, ingawa huko nako alikuwa na maoni yake. Nasema watu wa kwenye runinga, wale wa tamthilia za nje zilizotiwa sauti za Kiswahili. Tulikaa wawili tu, mimi natoka shuleni kufundisha, yeye anatoka kwenye mikorosho yake, na ukungu ukianza kutanda tulifunga mlango tukawasha runinga. Haupiti muda mama ananyoosha kidole.

"Huyo anakwenda na maji."

"Mama, si mzima wa afya huyo?"

"Mzima? Hujamwona anavyoomba watu radhi? We subiri."

Na kweli, haiishi wiki mtu yule yuko kwenye jeneza. Mwanzoni nilikuwa nacheka. Baadaye nikawa namwomba asinioneshe.

Dalili alizijua zote. Kukohoa kwenye kitambaa cheupe, hiyo hata mtoto anaijua. Mama alizisoma zile ndogondogo: mtu mkali akiwa mpole ghafla, mtu akipatana na ndugu waliyenuniana naye miaka, mtu akigawa nguo zake. Kubwa kuliko zote ni mtu kusema kwaheri. Nyumbani kwetu neno hilo halikusemwa. Ukitoka, hata kama unateremka Masasi kulala huko, unasema "Nakuja," na anayebaki anajibu "Haya, njoo." Mama akisikia kwaheri kwenye runinga alijishika kifua. "Kashajiaga huyo. Basi tena."

Vifo vyenyewe, kwake, kuna waliokufa vizuri na waliokufa ovyo. Kulikuwa na mama mkwe mmoja aliyemtesa mke wa mwanawe mpaka akamnyang'anya mtoto. Yule alikufa vizuri. Aliugua, akakosa wa kumpa maji isipokuwa mkwe yule yule, akayanywa, akasema nisamehe, akakata roho. Mama alipiga makofi. Mtu wa kikundi cha akina mama kanisani, anapiga makofi na machozi yanamtoka! "Hicho ndicho kifo," alisema. "Kila mtu kapata chake."

Aliyekufa ovyo ni kijana mmoja mcheshi tuliyempenda sote. Alitoka kwenda kununua mkate. Kipindi kilichofuata tunakuta picha yake ukutani ina utepe mweusi. Hakuugua, hatukumwona akigongwa, hakusema neno. Mama aliisusia runinga wiki nzima. "Wamemchinja kama kuku," akawa anajisemea jikoni. "Mtu hata hajamaliza maneno yake!" Nikamwambia labda mwigizaji alidai mshahara mkubwa wakamtimua. "Sasa hayo yananihusu nini? Mimi ndiye niliyekuwa nampenda. Wangenipa nafasi nimuage."

Mwaka mmoja, watu wanaanza kupuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho, mama akaanza kushika tumbo. Tukaenda hospitali. Daktari, kijana mwenye heshima zake, akatueleza taratibu: ni uvimbe, unatakiwa kutolewa, na presha yake inataka uangalifu. Mama akaitikia tu, "Asante, baba." Hilo ndilo la kwanza lililonitisha. Mama yangu hajawahi kumjibu mtu kwa maneno mawili.

Tuliporudi nyumba ikabadilika, nami nikaanza kuogopa kuingia ndani. Kuku wa jirani aliingia sebuleni, mama akamtoa polepole, anamsemesha. Nilichelewa kurudi, hakuuliza nilikuwa wapi. Jumapili nikamkuta ametandaza vitenge vyake kitandani, vile vya sandukuni, hata kile cha kikundi alichokuwa hataki nikiguse, akaniambia nichague.

"Sichagui kitu. Virudishe."

Akatabasamu. Jamani, alitabasamu!

Halafu akaja mama mdogo. Mama na mdogo wake huyu wa Lupaso walikuwa hawasalimiani tangu nikiwa sekondari, sababu mikorosho ya bibi, nani alipewa upande upi. Hata misibani walikaa mikeka tofauti. Jioni hiyo nasikia hodi, natoka, namkuta amesimama kwenye ukungu na kapu la mihogo, macho mekundu.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Dada kaniita."

Kamwita! Waliingia chumbani, nikawasikia wakilia, na mama anasema waziwazi, "Ichukue yote hiyo mikorosho, mdogo wangu. Mimi sina kinyongo." Nikakaa kizingitini. Kwa dalili zake mwenyewe, mama alikuwa amebakiza moja tu.

Nikaamua kwamba hataniaga. Kama upole ndio ugonjwa, nitamchokoza mpaka ukali wake urudi. Usinicheke. Nina shahada, nafundisha watoto sayansi, ila mama yangu alikuwa hajawahi kukosea. Tamthilia ikianza nahamishia kwenye mpira. Nikamwambia yule mama mkwe alionewa, mkwe ndiye aliyekuwa na kiburi. Zamani kwa hilo tu ningepewa Kimakonde chote anachokijua, pamoja na kile kisichosemwa mbele ya mchungaji. Safari hii akasema, "Labda kweli, mwanangu. Kila mtu ana lake." Nilikwenda uani nikalia kwa hasira.

Asubuhi ya upasuaji, wauguzi wanamwandaa, akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Inama nikwambie kitu."

"Hapana."

"Kidogo tu, mwanangu."

"Utaniambia ukitoka. Sitaki kusikia, mama. Sema unakuja."

Akanitazama. Midomo yake ikaanza kulitengeneza lile neno, niliiona, nikaifunika kwa kiganja. Muuguzi akashangaa, "Dada, vipi?" Nikamwambia atuache. Nilipoondoa kiganja, mama alikuwa ameshalimeza.

"Nakuja," akasema.

"Haya, njoo."

Na akaja! Uvimbe ulitoka wote, mshono ukashika vizuri, daktari akasema huyu mama ana mwili wa kijana. Nilimshukuru Mungu kwa sauti pale koridoni, watu wakageuka kuniangalia.

Nyumbani mama akarudi kuwa yule yule na zaidi. Vitenge vikafungiwa sandukuni. Akampigia simu mama mdogo kumweleza kwamba aliposema yote hakuwa na maana ya yote. Kuku wa jirani akala kandambili ya mgongo. Mimi nikaamriwa nimsimulie vipande vyote alivyovikosa kwa ajili ya mpira wangu, na nisiruke kitu. Sijawahi kufurahia kusemwa kiasi kile.

Nikamuuliza, "Siku ile ulitaka kuniambia nini?"

"Siku ipi?"

"Kabla hujaingia chumba cha upasuaji."

Akabetua midomo. "Yale yalikuwa maneno ya mtu anayekufa. Mimi sifi. Utayafanyia nini?"

Nikacheka, lakini jibu lile halikuniacha. Kila nikimsikia anafoka uani, badala ya kutulia nilishtuka. Mama mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba kwenye tamthilia nyumba ikishaanza kucheka sana, ujue wanakuandaa. Nikawa namhesabia pumzi akisinzia kwenye kochi. Akipiga chafya natoka mbio. "Unanitazamia nini?" aliniuliza siku moja kwa ukali. "Nina deni lako?" Nikasema si kitu. Nilikuwa na hofu na sikujua niiweke wapi, kwa sababu dalili zote zilikuwa zimekwisha.

Ilikuwa mchana, jua linawaka, Jumamosi. Mama amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, ungo mapajani, anachambua kunde. Mimi nimeinamia mafiga, napika majani ya maboga. Alikuwa ananisema tangu asubuhi: nimefagia vibaya, ndoo nimeziacha wazi, na maji yenyewe tunayanunua. Nikawa namjibu mbovu kwa raha zangu. Akanusa hewani.

"We mtoto," akasema, "hiyo mboga mbona ina..."

Nikasubiri. Sikugeuka, nilikuwa nakoroga.

"Ina nini tena, mama?"

Nikageuka na mwiko mkononi. Alikuwa ameinamia ungo, kunde zimemwagikia kwenye khanga na nyingine bado zinadondoka. Ni moyo, waliniambia hospitali. Ulisimama tu, haukuwa na uhusiano na tumbo wala mshono.

Ilipofika jioni nyumba ilikuwa imejaa. Walimu wenzangu, akina mama wa kanisani, mama mdogo aliyeshuka kwenye bodaboda analia toka barabarani. Na kila aliyekaa karibu nami mkekani aliuliza swali lile lile linaloulizwa: "Pole, mwanangu. Amekuachia neno gani?" Walitaka neno la kushika, walipeleke nyumbani kwao. Ningeweza kutunga, na ningetunga vizuri, nimeyasikia mengi. Lakini nilikuwa na hasira. Nilimkasirikia mama mpaka taya zinauma.

"Alisema, hiyo mboga mbona ina."

Bibi mmoja akauliza kwa upole, "Ina nini?"

"Hakusema."

Mama mdogo akafuta pua. "Labda chumvi. Dada hakupenda chumvi nyingi." Mwingine akasema pengine alitaka kusema inaungua, maana yeye alikuwa na pua kali. Mwingine akasema huenda ina maji mengi. Walibishana kwa sauti ya chini, kwa huruma kabisa, kisha wakaanza wimbo wa kanisani na jambo lile likaachwa.

Mimi nikainuka. Walidhani naenda kujisaidia, mmoja akataka kunisindikiza, nikamwambia abaki. Nyuma ya nyumba moto ulikuwa umezimika wenyewe na sufuria iko pale pale juu ya mafiga, hakuna aliyeikumbuka. Nikafunua. Haikuungua. Nikaonja, chumvi ilikuwa inatosha. Nikaonja tena, nikachota chini kabisa, nikala nimesimama, ya baridi, mpaka sufuria ikaisha, na sikuona kosa lolote.