Kichwa cha Chaja cha Mama Mchungaji

"Mambo ya simu niachieni mimi." Hayo ni maneno yangu. Niliyasema kwa mdomo wangu huu, mkutanoni, kidole juu kama mwalimu. Mchungaji wetu alikuwa amepata uhamisho kwenda upande wa Longisa, na sisi akina mama wa kanisa tukaona mke wake, ambaye sote tunamwita Mama Mchungaji, asiondoke mikono mitupu. Huyo ni mtu aliyekaa nasi jikoni kila matanga akimenya viazi, hajali nguo yake nzuri. Simu yake ilikuwa ya vitufe, imefungwa kwa raba isiachane vipande. Tukakubaliana tumnunulie mpya, ile ya kugusa, ili hata akiwa mbali tuwe tunamwona uso.

Kwa nini mimi? Kwa sababu katika kundi letu mimi ndiye mtaalamu. Mtu akitumiwa picha isiyofunguka, ananiletea. Laini ya mtu ikifungwa, ananiletea. Nilijivunia jambo hilo kuliko nilivyojivunia majani chai yangu, na majani yangu hayana mchezo.

Nikaenda Litein siku ya soko. Msichana wa duka alikata ule utepe wa kufungia boksi mbele yangu, akaiwasha simu nione inafanya kazi, akaibandikia kioo cha kuzuia mikwaruzo, akairudisha. Sikutazama chini ya boksi. Ya nini? Simu yangu mwenyewe, niliyonunua zamani, ilikuja na vitu vyake vyote: waya, kichwa cha kuchomeka ukutani, hata vile vya masikio. Nilidhani simu huzaliwa na kichwa chake kama mtoto. Nikaifunga zawadi kwa karatasi ya maua, nikaiweka juu ya kabati, na hakuna aliyeigusa mpaka Jumapili.

Sasa, kwetu zawadi haipokewi ikiwa imefungwa. Ukiipokea hivyo, watu wanaona umewanyima utamu. Baada ya ibada, mzee wa kanisa aliyeongoza sherehe akasema kwa kipaza sauti, "Afungue tuone! Ama hamtaki kuona?" Tukataka. Mama Mchungaji akafungua, simu ikatoka, vigelegele vikapigwa. Mwenyekiti wetu wa akina mama alisimama kando yake, akawa anatoa kitu kimoja kimoja na kukiinua juu, kama tunavyofanya na mablanketi na masufuria. Akainua waya. Akainua kile kisindano cha kufungulia mahali pa laini. Akainua kitabu cha maelezo. Kisha akatia mkono tena ndani, akaligeuza boksi, akalipigapiga, akachungulia.

"Na kichwa iko wapi?"

Aliuliza bila ubaya, naamini hivyo hadi leo. Lakini alikuwa ameshika kipaza sauti.

"Kichwa gani?" mzee akauliza.

"Kichwa ya chaja. Ile ya kuweka kwa ukuta."

Kanisa zima likanigeukia. Nyuma yangu aliketi mama mmoja ambaye shamba lake limepakana na langu, naye akasema, si kwa sauti kubwa wala ndogo, "Na hiyo boksi si ilikuwa imekatwa?" Masikio yangu yakawaka moto. Na mimi, Mungu anisaidie, nikiaibika sinyamazi, nafoka. "Mimi sijui! Nimeleta vile nilipewa! Kwani mnadhani nimeiba?" Nani alikuwa amesema nimeiba? Hakuna. Mimi ndiye niliyelitaja neno hilo kwanza, mbele ya watoto wa Sunday school na wageni. Ulimi hauna mfupa.

Mama Mchungaji akanishika mkono. "Hakuna shida, mama. Kwetu tuko na vichwa mingi." Akacheka, watu wakacheka naye, soda zikagawiwa.

Baadaye tukaingia nyumbani kwake, pale pale uani mwa kanisa, tukajaribu. Ndipo nikaona kwamba waya ile ilikuwa na midomo sawa pande zote mbili, midogo, ya kuviringika. Vichwa vyote vya nyumba ile, na vingine tulivyoazima kwa majirani, vilikuwa na tundu pana la zamani. Hakuna hata kimoja kilichokubali. Tulikaa pale, wanawake wazima na nywele zetu za mvi, tukisukuma waya kwenye vichwa kama watu wanaomlisha mtoto aliyekataa uji. Jua halijatua, simu mpya ikazima mikononi mwa mwenyewe. Akaifuta kwa kitambaa, akairudisha kwenye boksi, akasema ni nzuri sana. Ningetamani anitukane.

Nilirudi nyumbani na mume wangu. Mzee wangu, kama tunavyosema huku. Ni mtu wa maneno machache, na ndiye anayepitisha kapu la sadaka kanisani, kazi wasiyompa mtu wa mashaka. Alikuwa ameketi upande wa wanaume, ameona yote na kusikia yote. Njia nzima hakusema kitu. Alipofika akavaa viatu vyake vya gambuti akaenda kukamua ng'ombe. Hakuniuliza, nami nikamshukuru moyoni kwa kutoniuliza. Nikajiambia, dunia yote inaweza kuniwaza vibaya, lakini huyu ananijua, huyu hana haja ya kuuliza. Wiki ile nilijifunika hilo wazo kama blanketi.

Na nililihitaji. Pale kwenye kituo cha kununulia majani, nikifika na gunia langu, mazungumzo yalikuwa yanakatika. Nilimsikia mmoja akisema, "Lisemwalo lipo." Yule jirani yangu akaniuliza kwa sauti tamu ya kuudhi, "Naskia kwenu siku hizi simu zinachaji haraka?" Nikamjibu kwamba ulimi wake ndio haujawahi kuisha chaji. Watu wakacheka, lakini walicheka wakitazama chini. Mimi niliyezoea kupangiwa foleni ya matatizo ya simu, hakuna aliyeniletea hata picha moja ya kufungua.

Jumatano nikashuka Litein nikiwa nimejaa kama mtungi. Nikamwambia yule msichana wa duka anipe kichwa changu alichobaki nacho. Akanitazama kwa huruma.

"Mama, hizi hazikujangi na kichwa siku hizi."

"Nani amesema?"

"Ni hivyo kutoka kampuni. Kichwa unanunua kando. Ona." Akachukua boksi lingine la simu kama ile, akaligeuza. Nyuma kulikuwa na picha ndogo za vitu vilivyomo: simu, waya, kisindano, kitabu. Basi.

"Na mbona hukuniambia?"

"Si wewe ulisema unajua simu?"

Wui! Sikujua nicheke au nilie. Hebu fikiria uuziwe ng'ombe, ufike naye nyumbani, uambiwe kiwele kinauzwa kando! Nilimfokea yule msichana kwa makosa ya watu wa ng'ambo ambao hata yeye hajawahi kuwaona, naye akavumilia. Lakini ndani yangu nilikuwa na furaha ya ajabu, kwa sababu sasa nilikuwa na ushahidi. Nikamwomba boksi tupu, akanipa la simu iliyowekwa kwa maonyesho. Kichwa sikununua. Aliniuliza kama nataka, nikakataa. Nilijua nikienda na kichwa mkononi, watasema, si mnaona, alikuwa nacho.

Alhamisi ulikuwa mkutano wa mwisho wa akina mama kabla Mama Mchungaji hajahama. Nilifika mapema, boksi mkobani, hotuba kichwani. Nilikuwa nimepanga kuanza kwa upole na kumalizia na jirani yangu. Kabla sijafungua mdomo, mwenyekiti akasimama.

"Mbele ya neno lingine lote, tushukuru Mungu. Kile kilikuwa kimepotea kimepatikana."

Mama Mchungaji akatoa simu yake, inawaka, imejaa chaji. Na kando yake akaweka kichwa cheupe, kipya.

"Kimepatikana wapi?" nikauliza.

Akaja akanikumbatia. Alikuwa ananukia sabuni na moshi, kama siku zote. "Isikusumbue tena, mama. Mzee wako alileta jana jioni. Alisema ilibaki kwenu kwa bahati mbaya, tusamehe. Na mimi nimesamehe kabisa. Shetani anajaribu kila mtu."

Mkono wangu ulikuwa tayari ndani ya mkoba, umelishika boksi. Nilibaki hivyo. Nikilitoa, nikawaonyesha kwamba simu hizi haziji na kichwa, basi kile alicholeta mzee wangu kimetoka wapi? Mtu wa kapu la sadaka amesimama mbele ya mchungaji akadanganya. Jina langu lingetoka matopeni na lake lingeingia, pale pale, na mikono ya kuliingiza ingekuwa yangu. Mimi ambaye sijawahi kumeza neno maishani mwangu nililimeza lile, likashuka kama ugali mkavu. Nikautoa mkono mtupu.

Wakanizunguka. Wakaniwekea mikono kichwani na mabegani, wakaomba roho ya tamaa initoke. Jirani yangu aliomba kuliko wote, akalia machozi ya kweli. Nilisimama katikati yao nimefumba macho, nikitamani ardhi ipasuke, na walipomaliza nikasema amina.

Nilimkuta mzee wangu nyuma ya nyumba akiosha mkebe wa maziwa.

"Ulinunua wapi?" nikamuuliza.

Hakujifanya haelewi. "Chepilat."

Chepilat! Alikuwa ameipita Litein yote asije akaonwa na mtu anayetujua. Nikatoa boksi, nikamwekea kidole kwenye zile picha. Nikamweleza kila kitu, na sauti yangu ilikuwa chini hata mwenyewe nikashangaa. Akafuta mikono kwenye suruali, akalichukua boksi, akaligeuza, akalifungua, akatazama ndani kwa muda mrefu.

"Kwa hivyo haikuwa ndani?"

"Haijawahi kuwa ndani."

"Woi." Akakaa kwenye kigoda. "Woi, mama watoto. Nimefanya nini?" Akaanza kuvua gambuti, akasema anakwenda sasa hivi kwa mchungaji kukiri kwamba alidanganya, na Jumapili atasimama mbele ya watu wote. Na angefanya hivyo, namjua.

Lakini mimi nilikuwa na jambo jingine, lililokuwa limenikwama tangu nilipokumbatiwa. "Mbona hukuniuliza?" nikasema. "Siku ile, njiani. Neno moja tu. Ungeniuliza, ningekuambia."

Akaangalia mkebe.

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Niliogopa utasema ndio."

Sikufoka. Nilitafuta hasira zangu mahali zinapokaa siku zote, nikakosa. Tumezaa pamoja na huyu mtu, tumepanda kila mche wa chai ulio kwenye shamba lile, amenishika mkono nikimzika mama yangu. Nami wiki nzima nimejifunika kimya chake nikidhani ni imani. Kumbe alikuwa amekata kesi tangu kanisani, akanihukumu, akanisamehe, akaniendea Chepilat, yote bila kunigeukia uso. Alinipenda, ndiyo, hilo sikatai. Alinipenda kama mtu anavyompenda mwizi wake. Kanisani aibu ilikuwa imenichoma masikio. Hii iliingia tumboni ikakaa.

"Usiende popote," nikamwambia. "Wacha iishe."

Akanishukuru. "Kongoi," akasema, "kongoi mising," na macho yake yakalowa. Alidhani namfichia uongo wake mbele ya kanisa. Nikamwacha adhani hivyo.

Mama Mchungaji alihama, tukamsindikiza kwa nyimbo. Majuzi akanitumia picha kutoka makao yake mapya, anacheka mbele ya jiko lake, na chini yake sauti ikinisalimu: "Chamge, mama! Simu inachaji vizuri sana. Na ujue bado nakuombea."

Picha ya boksi ninayo kwenye simu yangu. Niliipiga siku ile ile, ile sehemu ya nyuma, inasomeka vizuri. Kuituma ni kugusa mara moja, na hilo hata watoto wanalijua. Angeelewa mara moja, na angelia, na angepigia simu akina mama wote jina langu lisafishwe. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa roho safi, angeuliza swali moja tu: sasa mzee wako, mbona alileta kichwa?

Na ningemjibu nini? Kwamba mume wangu aliona ni rahisi niwe mwizi kuliko kuniuliza? Mwizi aliyesamehewa ana kiti chake kanisani, anaombewa, anakaribishwa chai. Mke ambaye hakuulizwa, sijui watu wangemtazama vipi. Naona haya hata kuliwaza.

Nikaisikiliza ile sauti yake mara nyingine. Mzee wangu alikuwa mlangoni, akauliza ni nani. Nikamwambia ni Mama Mchungaji, anatusalimia.

Nikamwandikia, "Kongoi mising, mama. Endelea kuniombea."