Pombe ya Mama Shija Niliyoitia Kizibo

Mkitaka kunicheka, chekeni mapema, maana hata mimi nikiikumbuka ile chupa huwa naanza kwa kucheka, kisha kicheko kinafika mahali kinakwama, na Limi, mke wangu, huniuliza kama nimemeza mwiba wa sato. Nimeona haya mara nyingi maishani (niliwahi kwenda kanisani na suruali niliyoigeuza ndani nje, na hakuna aliyeniambia mpaka ibada ikaisha), lakini haya za siku ile kwa Mama Shija sijapata mahali pa kuzitua.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa nyumbani. Wakati huo Mwingereza ndiye aliyekuwa na nchi, na mimi nilikuwa karani kwenye jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, ya Mhindi mmoja, naenda asubuhi, narudi jioni, na nikishavua viatu hata paa la jirani liwake moto ningemuuliza Limi kwanza kama kweli ni lazima nitoke. Tulikuwa tunakaa Kirumba, na Kirumba ya siku hizo ilikuwa mihogo na majabali, nyumba moja hapa na nyingine kule. Nilikuwa nimesoma mpaka sekondari, kitu ambacho pale kwetu kilitosha watu kunyamaza ninapopiga chafya.

Mama Shija alikuwa mjane, jirani yetu wa upande wa ziwani. Mwanawe, Shija, nilisoma naye madarasa ya chini, kisha mimi nikaendelea na yeye akaenda kubeba mizigo bandarini. Ugali wa yule mama nimeula mpaka nikaota ndevu. Alikuwa akipika pombe ya mtama, na kwa pombe hiyo aliezeka nyumba, akamlea Shija, na kwa pombe hiyo watu wote wa Kirumba walimjua.

Sasa mwaka ule mchuuzi mmoja wa ngozi alikunywa kwake, akaenda kulala kwa mwenyeji wake, asubuhi hakuamka. Mganga wa zahanati alisema ni homa, mtu alikuwa nayo tangu njiani. Lakini homa haina utamu wa kusimulia. Watu wakasema ametiliwa kitu kwenye kibuyu. Hawakukubaliana nani katia, wengine wakasema adui yake wa biashara, wengine wakasema mwenye pombe mwenyewe, ila wote walikubaliana kwamba kwa Mama Shija hapanyweki tena. Alipika mara mbili, akamwaga mara mbili. Mwisho mwanangwa, ndiye mkuu wa kijiji chetu chini ya mtemi, akamwambia waziwazi: atapika mara moja nyingine, na yeye mwanangwa atakuja kukaa pale mchana kutwa aone. Watu wakinywa, maneno yameisha. Wasipokunywa, ahame Kirumba kabla ya mvua, kwa kuwa hataki nyumba inayonong'onezewa kijijini kwake.

Shija alikuja nyumbani jioni, akakaa kizingitini, akanitazama nilivyonyoosha miguu.

"Karani, kesho utoke."

"Niende wapi?"

"Kwa mama. Unywe."

"Mimi na pombe, Shija, tunajuana kwa mbali tu."

"Ndiyo maana nakutaka wewe. Mlevi akinywa, nani atashangaa? Mlevi hata maji ya kuoshea vyombo atakunywa. Lakini wewe, mtu wa kukaa ndani kama kuku anayeatamia, wakikuona umeshika kibuyu cha mama watasema, aa, hata yule."

Limi akacheka kule jikoni. "Mchukue, shemeji. Lakini umrudishe, sina mwingine wa kunifukuzia mbuzi."

Nikakubali. Na nilikubali kwa moyo mmoja, msije mkafikiri vinginevyo. Sikumwogopa Mama Shija hata chembe. Nilichoogopa kilikuja usiku, nikiwa nimelala, akili yangu ya shule ikaanza kufanya kazi ambayo hakuna aliyeiomba: kama kuna mtu anamtakia mabaya huyu mama, si kesho ndiyo siku yake? Kwenye watu wengi hivyo, kibuyu kimewekwa chini, mwenyewe kageuka kusalimia, mkono unapita, basi. Na kibuyu cha karani ndicho kitakachofaa kuliko vyote. Nikafa mimi, na mama wa watu akamalizwa.

Asubuhi nikatoa sandukuni chupa ya maji ya marehemu mjomba. Mjomba alikuwa askari kwenye vita vya Mjerumani na Mwingereza, na kitu pekee alichorudi nacho, ukiacha kikohozi, ni chupa hiyo ya bati iliyovikwa kitambaa kizito, ina mkanda wa kuning'iniza kiunoni na kizibo kilichofungwa kamba kisipotee. Nikaivaa ndani ya koti. Hilo ndilo kosa lenyewe, dogo hivyo, linaingia ndani ya koti.

Kule nilikuta watu wengi, lakini wamekaa kama waliofika msibani, mikono magotini. Mwanangwa alikuwa kwenye kiti chake, kanzu nyeupe, kofia ya Kizungu magotini. Mitungi ilikuwa imepangwa kivulini, na mpaka leo naiona ile pombe ilivyokuwa inapumua, povu likipanda na kushuka mdomoni mwa mtungi, maana ilikuwa imeiva vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka nyumbani kweli? Leo mvua itanyesha."

Akachota kibuyu. Kwetu mwenye pombe huonja kwanza mbele ya mgeni, wanasema anaitoa sumu, ni desturi tu, wengi hulowesha midomo na kumaliza. Mama Shija siku hiyo alikunywa mafunda makubwa, akakaa kidogo kila mtu amwone, ndipo akanipa kwa mikono miwili. Nikanywa. Nikanywa mpaka chini, nikageuza kibuyu watu waone, nikapiga na mbweu ambao sikuukusudia.

Mtu mmoja akacheka. Mwingine akasema, "Karani kumbe una tumbo." Mzee mmoja akanyoosha mkono apewe, akaonjewa, akanywa. Kisha wa pili yake. Kisha akina mama waliokaa ukutani. Ngoma iliyokuwa imeegemezwa kwenye jiwe ikapashwa moto. Shija alipita nyuma yangu akanibana bega kwa nguvu. Kama ningeinuka wakati ule nikaaga, ningekuwa mtu mwema hadi leo.

Mama Shija akanijazia kibuyu cha pili, na hapohapo wakaniita nicheze. (Mimi! Limi akiniona nacheza huuliza kama nimekanyaga siafu.) Kukataa siwezi, na kibuyu kimejaa. Nikiache? Nikakumbuka mawazo ya usiku. Basi nikazunguka nyuma ya ghala la mtama, nikamimina pombe yote kwenye chupa ya mjomba, nikakandamiza kizibo kwa kiganja, nikakigonga kidogo kwa jiwe ili kikae sawasawa, nikaficha kamba, nikafunga koti, nikarudi uwanjani kucheza roho yangu imetulia kama mtu aliyefunga mlango wa zizi.

Sekondari walitufundisha mambo mengi. Hawakutufundisha kwamba pombe inayopumua ukiiziba pumzi, ukaivalisha kitambaa kizito, ukaiweka ndani ya koti kwenye jua la mchana na kuichezesha ngoma, itafika mahali itatafuta njia yake yenyewe.

Nilikuwa nimerudi kukaa karibu na mwanangwa, nahema, nikafungua koti nipate upepo. Ikalia kama bunduki. Kizibo kikakata kamba, kikampata mwanangwa shavuni, na nyuma yake povu, jamani, povu ambalo sijui lilikaa wapi kwenye chupa ndogo namna ile, likamrukia kanzu yote mpaka ndevuni. Ngoma ikanyamaza. Watu walikuwa wamejitupa chini kwa mlio ule, wakaanza kuinuka mmoja mmoja, wakijikagua kama wamepigwa.

Nami nilikuwa nimesimama, chupa mkononi, na chupa bado inachemka, inatoa povu kwa kelele ndogo, shii.

"Inachemka," akasema mwanamke mmoja ukutani, polepole. "Tazama, inachemka bila moto."

Mwanangwa alijifuta uso kwa kofia. Hakukasirika, afadhali angekasirika.

"Karani, hiyo ni nini?"

"Ni pombe, mzee."

"Ipi?"

"Hii hii. Ya hapa."

"Sisi yetu iko kwenye vibuyu. Yako kwa nini umeifungia?"

Sasa hapo, ndugu zangu, palihitaji mtu mwenye uongo wa haraka. Mtu yeyote mwenye kutembeatembea angesema, nampelekea mke wangu aonje, na watu wangecheka, na mambo yangekwisha kwa mwanangwa kubadilisha kanzu. Lakini mimi mtu wa ndani uongo huo ulinijia kesho yake, nikiwa kitandani. Pale nilisema ukweli, tena nusu.

"Ni kinga tu, mzee."

Nilimaanisha kinga, kuikinga na vumbi na mikono ya watu, kama mtu anavyokinga chakula na nzi. Lakini pale kwetu ukisema una kinga hakuna anayefikiria nzi. Kinga ni ile inayotoka kwa mganga, unayovaa kiunoni, tena ndani ya nguo, unapokwenda kwa mtu unayejua ni mchawi. Na mimi nilikuwa nimeivaa kiunoni, ndani ya nguo. Neno likapita uwanjani mdomo kwa mdomo: karani amekuja na kinga, na kinga imelia. Imegusa pombe ya huyu mama, ikalia.

"Unajikinga na nani?" mwanangwa akauliza.

"Si na mtu, yaani, na watu tu..."

"Watu gani?"

Nilifungua kinywa. Na katika kutafuta neno, macho yangu, bila mimi kuyatuma, yakaenda kwa Mama Shija, niombe msaada kama nilivyokuwa nikimwomba tangu mtoto. Wote wakafuata macho yangu.

Mama Shija akainuka. Alikuja, akanichukulia chupa mkononi taratibu kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akainua, akanywa kilichobaki mpaka tone la mwisho. Akafuta midomo kwa kanga.

"Tamu," akasema. "Ina kutu kidogo."

Hakuna aliyecheka. Nikasikia sauti ambayo mwanzoni sikuitambua, kumbe ni yule mzee wa kwanza, anamwaga kibuyu chake chini. Kisha wa pili yake. Kisha akina mama wa ukutani. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyetukana, walimwaga tu kwa adabu, wakaviweka vibuyu vimeinama, wakaaga. Kuku wakaja kunywa. Siku ile walioniamini ni kuku peke yao.

Nilijaribu kueleza, sana. Nilimfuata mwanangwa hadi kwake nikamweleza habari ya pumzi ya pombe, nikamchorea hata mtungi kwenye vumbi kwa kijiti. Alisikiliza, shavu limemvimba. "Huenda ni hivyo, karani," akasema. "Lakini nani kati ya wale atakuja kukaa hapa umchoree?"

Mama Shija alihama kabla ya mvua, kama alivyoambiwa, akaenda kwa kaka yake ng'ambo, Sengerema. Asubuhi ya kuondoka nilitoka nyumbani bila kuitwa, nikakuta Shija anashusha mitungi ufukweni. Nikainama nishike mmoja.

"Uache," akasema Shija. "Utauziba."

Aliyasema bila kunitazama, na ni hayo tu aliyoniambia. Bandarini nilikuwa nikipita upande mmoja wa njia, naye upande mwingine, mpaka alipohamia Kisumu kwa meli.

Baada ya mavuno Limi akanichokoza weee mpaka nikapanda mashua kwenda Sengerema. Nilibeba vitambaa na sukari, na hotuba ndefu. Nilimkuta anapepeta mtama wa watu, amekonda. Nikapiga goti, shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za Limi, za mbuzi, za jineri. Uani hapakuwa na mtungi hata mmoja. Hotuba yangu nikaisahau yote.

Jua lilikuwa kali. Akaingia ndani, akatoka na kikombe cha maji, na juu ya kikombe ameweka kisahani. Akakishika kwa mikono miwili, akanipa.

"Nimekufunikia, mwanangu," akasema, "usipate shida."

Nilimtazama usoni nione kama ananitania, jinsi alivyokuwa akinitania zamani, au ananiambia jambo jingine. Sikuona. Mpaka leo sijui. Niliondoa kisahani, nikanywa maji yote, na yalikuwa matamu.

Tangu siku hiyo sifuniki kitu. Limi hulalamika, chai yangu inakaa wazi, nzi wanaogelea, nawatoa kwa kidole na kunywa. Nikialikwa mahali nakinywea kikombe nilichopewa palepale, mbele ya aliyenipa, mpaka chini. Na chupa ya mjomba iko sandukuni, haina kizibo. Kizibo mwanangwa alikiokota siku ile, akakiweka.