Yai Lile Niliandika Mimi

Nimekosa. Naanza hivyo kwa sababu nikianza na utani, na mimi kila kitu naanza na utani, sitafika kwenye lenyewe. Nimekosa, na kosa langu nusura limuue bibi yangu.

Jina sisemi. Nina miaka kumi na tano, bado nasoma, naishi Thornton Heath, huku Croydon, kusini mwa London, na Mama na Bibi, yaani mama yake Mama. Shuleni mimi ndiye yule anayetolewa nje kabla mwalimu hajamaliza kuita majina. Nyumbani Bibi hataki kusikia Kiingereza, ndiyo maana naweza kuwaandikia haya. Kusoma na kuandika Kiswahili kanifundisha yeye.

Bibi anafuga kuku wanne nyuma ya nyumba. Alitoka Unguja akiwa msichana, baada ya mapinduzi, na anasema katika yote aliyoyaacha, alichokikosa sana ni kuamka akasikia kuku. Basi tuna Chausiku, Kidawa, Sharifa na Bi Mkubwa, wekundu wote, na kiburi chao hakisemeki.

Kiangazi kilichopita walikuwa wanataga manne kwa siku. Bibi aligawa mayai mpaka kwa postamani! Lakini wa kwanza kupata alikuwa Bi Zuwena, jirani yetu wa nyumba ya tatu, shoga yake wa miaka thelathini. Hao wawili wamezikiana waume. Ana ufunguo wa geti letu la uani. Na kwa kuwa magoti ya Bibi yamechoka, Bi Zuwena ndiye anayemchukulia dawa zake za presha kila mwezi.

Siku moja Bi Zuwena alisimama pale uani akasema, "Lo! Kuku gani hawa, kila siku manne! Wangu kule Pemba walikuwa hawatagi mpaka uwabembeleze."

Akacheka. Mashaallah hakusema. Bibi aliitamka mwenyewe, chini kwa chini, nikamsikia.

Ukaingia mwezi wa kumi na moja, mayai yakakatika. Manyoya yakatapakaa uani kama mtu kapasua mto. Chausiku alibaki shingo tupu, ukimtazama unaona haya kwa niaba yake.

Na mimi nilijua kwa nini! Hili ndilo linaloniuma. Kuku huvua manyoya ili aote mengine, na wakati huo nguvu zake zote zinakwenda huko. Juu ya hapo, huku baridi ikiingia, saa kumi jioni kiza, na kuku bila mwanga wa kutosha hatagi. Nilimsomea Bibi kwenye simu.

"Hao wa kwenye simu," akasema. "Sisi kwetu kuku walinyonyoka na mayai tulikula."

"Kwenu kuna jua, Bibi."

"Na la huku limekwenda wapi?"

"Limeona Croydon likarudi zake."

Akanirushia kandambili. Siku hizo tulikuwa tunacheka.

Kulikuwa na sababu ya tatu, na hiyo sikumsomea. Utitiri. Ni vidudu vidogo kuliko chembe ya mchanga, mchana vinajificha kwenye nyufa za banda, kiza kikiingia vinatoka kunyonya damu ya kuku. Kila Jumamosi kazi yangu ilikuwa kuzitoa fito wanazolalia, kumwaga maji ya moto kwenye nyufa, halafu kunyunyiza ule unga mweupe wa kuviua. Nikifanya? Thubutu! Nilijifungia bandani nusu saa natazama video, kisha najipaka unga puani na kutoka nje nakohoa.

"Ahsante mwanangu," Bibi ananiambia. "Mungu akuweke."

Vishungi vya kuku vilififia mpaka vikawa rangi ya nyama iliyochemshwa. Nikaona. Nikanyamaza.

Basi Bibi akaanza kusema ni jicho. Mama akamwambia, "Mama, ni baridi tu." Bibi akajibu, "Baridi ya mwaka jana haikuwa baridi?" Na mimi, shetani wangu, nikaona hapo pana mchezo mzuri.

Nilichukua yai la dukani, nikasugua ile mihuri myekundu ikatoka yote. Nikaokota gazeti la bure la kwenye treni, lile lenye fumbo la namba za kwenye viboksi. Nikachora viboksi vile juu ya yai kwa kalamu nyekundu, na namba zake ndani, na kuzunguka yai lote nikaandika kanuni za kemia tulizopewa tukazihifadhi. Lilitoka limetisha kweli! Anayejua mambo ya kwetu akiliona haulizi mara mbili. Yai lililoandikwa, likawekwa nyumbani kwa mtu, si kitu cha kula.

Niliomba Mungu lisivunjike, mjinga mimi, nikaliweka kwenye kiota Jumanne jioni. Mpango wangu ulikuwa Jumatano nikirudi shule nimpeleke Bibi bandani huku narekodi, apige ukelele, nimwambie, tucheke wote. Asubuhi kuwalisha ni kazi yangu, kwa hiyo nilijua haendi huko peke yake.

Jumatano hiyo nilichelewa kuamka, nikakimbilia basi. Kuku sikuwalisha. Akaenda yeye.

Niliporudi, harufu ya ubani niliikuta mpaka njiani. Mapazia yamefungwa. Bibi yupo sebuleni juu ya mswala, na yai langu liko mbele yake, ndani ya bakuli la maji ya chumvi.

"Usikanyage hapo!"

"Kuna nini, Bibi?"

"Funga mlango. Tumetupiwa kitu."

Kicheko kilikuwa hapa, kooni. Kikafa. Tasbihi mkononi mwake ilikuwa inagonga mkeka.

"Labda mtu katania tu," nikasema.

Aliinua macho. "Nani atanie na kitu kama hiki? Wewe ungetania?"

Jamani! Nimeulizwa! Nimewekewa jibu mdomoni, nilitakiwa kusema neno moja tu!

"Hapana, Bibi."

"Nilikuwa mdogo," akasema, "nikaona nyumba iliyowekewa yai kama hili. Mwaka haukwisha, hakubaki mtu mle." Halafu akanong'ona, kama kuku wangesikia. "Ufunguo wa uani tunao sisi na Zuwena. Kawasifu kuku wangu kwa mdomo wake. Na Mpemba yule."

Nikasema, "Bi Zuwena hawezi, Bibi." Akanijibu, "Hata mimi nilidhani hivyo miaka thelathini."

Kumbe alikuwa ameshampigia simu, kamwambia asikanyage tena kwetu. Jioni hiyo hiyo Bi Zuwena akaja, akagonga, hakufunguliwa. Akainama akasema kwenye kile kitundu cha kupitishia barua.

"Shoga, nifungulie. Nimekufanya nini? Niambie basi nilichokufanya."

Bibi alikaa kwenye ngazi na kitambaa mdomoni. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake. Mlango ule una kitasa kimoja tu. Sikukigusa.

Mama alikuwa kwenye shifti za usiku wiki ile, anauguza wazee, mchana analala. Bibi alinikataza nisimwambie, asije akapata hofu kazini. Na mimi nikashika hiyo amri kwa mikono miwili, mimi ambaye sijawahi kushika amri ya mtu!

Bibi hakulala. Hakula ila tende na maji aliyoyasomea mwenyewe. Kila nikimtazama nasema moyoni, nitamwambia akishatulia. Hakutulia. Kadiri alivyozidi kuogopa ndivyo nilivyozidi kuogopa kumwambia kuwa anaogopa kalamu yangu.

Ijumaa nilikwenda kutoa taka. Chini ya maganda ya viazi nikaona pakti za dawa zake za presha. Zote za mwezi mpya. Hazijafunguliwa.

"Bibi, dawa zako..."

"Zimepita mkononi mwake, hizo. Sizimezi."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatano. Na usiniletee maneno ya daktari."

Nilijua presha ya Bibi ilivyo, tulishampeleka hospitali mara mbili. Nilijua! Nikaziokota zile pakti, nikazifuta, nikazificha chini ya mto wangu, nikajiambia kesho Mama akirudi kutoka kazini asubuhi namweleza yote. Kesho! Nilifanya mpaka mazoezi mbele ya kioo, na niliweka kautani mahali pa kuanzia.

Jumamosi asubuhi, Mama bado hajafika, nikaenda bandani na birika la maji ya moto. Mara ya kwanza miezi mitatu nasafisha kweli. Hofu ndiyo iliyonipeleka. Nikainua fito. Chini yake kulikuwa na kitu chekundu kinatembea, kimejaa ufa mzima, maelfu kwa maelfu, wameshiba damu. Wakanipanda mikononi. Nikapiga kelele.

Bibi akatoka jikoni na sufuria ya mahindi. "Nini? Umeona..."

Neno lililofuata halikuwa neno. Akajaribu tena. Sufuria ikamponyoka, mahindi yakamwagika, kuku wakakimbilia. Mdomo wake ukaenda upande. Akanitazama kama ananiuliza mimi kinachotokea, halafu akakaa chini kwenye saruji, taratibu, kama mtu aliyeamua kupumzika.

Nilipiga namba ya dharura, vidole vimejaa utitiri. Yule mwanamke wa kwenye simu alikuwa mpole sana.

"Anatumia dawa?"

"Za presha."

"Ametumia leo?"

"Hapana. Tangu Jumatano."

"Kwa nini ameacha, mpenzi?"

Hapo ndipo niliposema mara ya kwanza. Kwa mtu nisiyemjua, kwa Kiingereza, huku nimemshikilia Bibi kichwa.

"Kwa sababu yangu mimi."

Hospitali wakatuambia ni kiharusi, kwa bahati nzuri ni kidogo, na tumewahi. Mama alikuja na sare yake ya kazi. Nikamweleza yote kwenye korido. Nilisubiri kibao, nilikitaka. Hakunipiga. Akasema, "Nitokee mbele ya macho kidogo. Nisije nikasema neno nikashindwa kulirudisha." Nikaenda kusimama karibu na lifti, watu wanaingia wanatoka, mpaka aliponiita.

Siku ya tatu Bibi aliweza kusema kidogo. Nikapiga magoti pale kitandani.

"Bibi, yai lile niliandika mimi."

Akageuza kichwa kunitazama.

"Zile... namba?"

"Za gazeti, Bibi. Za treni. Na kemia."

Alicheka! Upande mmoja wa uso ukacheka, mwingine ukabaki vile vile, na mimi kicheko kile sikukiweza, nikalia mpaka nesi akaja. Halafu Bibi akaacha kucheka. Machozi yakamtoka, akasema jina moja.

"Zuwena."

Akanituma. Hakuna mtihani wala mwalimu mkuu aliyewahi kunitisha kama mlango ule wa nyumba ya tatu.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba. Anaendeleaje?"

Nikamwambia. Yai, kalamu, viboksi, yote. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza alikwenda ndani, nikadhani anafuata fimbo. Akarudi na ufunguo wetu wa uani.

"Wewe nimekusamehe," akasema. "Wewe mtoto, tena mjinga, ujinga utakutoka. Lakini shoga yangu kalitazama yai akaniona mimi. Hilo hukuliandika wewe."

Akanitia ufunguo mkononi. "Mpelekee. Mwambie namwombea afya."

Akafunga mlango, polepole, na hilo ndilo baya, maana angeubamiza ningejua ana hasira na hasira zinapita.

Sasa ni mwezi wa tatu. Bibi yuko nyumbani, mkono wa kulia hauna nguvu, namfunga mtandio mimi. Jumamosi nasafisha banda kila ufa, hakuna anayeniangalia. Kuku wameota manyoya mapya na jua linakaa angani mpaka jioni. Wanataga. Hapakuwa na jicho, hapakuwa na kitu. Nimempelekea Bi Zuwena mayai mara nne. Anapokea, anashukuru, anauliza hali. Haji. Bibi hukaa dirishani saa zile alizokuwa anakuja, na akiniona namwangalia anajifanya anatazama mvua.

Nilitaka kuharibu dakika tano za mtu kwa ajili ya kucheka. Nimeharibu miaka thelathini, na kuomba radhi kwangu hakuigusi, kwa sababu aliyevunjwa moyo hakuvunjwa na mimi.

Wenzangu mnaopenda kuchekesha watu, nawaambia kama mmoja wenu: kabla hujamtisha mtu, jua kwanza anaogopa nini. Wewe unaona mchezo, na yeye kitu hicho alikiona utotoni kikiua nyumba nzima. Na kama umeshakosea, usimngoje atulie, usiingoje Jumamosi, usitafute pa kuanzia. Mimi nilikuwa na siku tatu, na niliulizwa uso kwa uso!

Siku hizi nikirudi shule nafungua mlango naita "Bibi!" kabla sijavua viatu. Ulimi wake umekuwa mzito, jibu linachelewa. Nasimama pale na begi mgongoni, siwezi kupiga hatua mpaka nisikie sauti yake. Sitaki na wewe usimame hivyo mlangoni kwenu. Kama una la kusema, nenda ukaseme sasa hivi.