Ushuru wa Kikapu cha Shukrani

Marta wa Kalenga alikuwa na mkono wa kusuka na mdomo wa kujibu, na vyote viwili havikujua kupumzika. Vikapu vyake vya milulu, yale majani membamba ya kando ya mto, vilinunuliwa na Yunusu, mfanyabiashara wa Iringa mjini, akavipeleka ng'ambo. Mwaka 1954 Yunusu akaja uso umemshuka. Serikali ya huko ilikuwa imepandisha ushuru wa vikapu vya kigeni ili kuwalinda wasukaji wake.

"Mama Joachim, mimi basi. Huko sasa havinunuliki."

Marta aliumia sana. Tangu awe mjane, kusuka ndiko kulikomwezesha kulea watoto bila kuombaomba.

Kichekesho ni kwamba serikali ileile haikukawia kumtuma bwana mmoja na lori la mablanketi ya msaada. Marta alipokea lake, akashukuru kwa moyo, kisha akaona haya. Kwao aliyekuletea kitu humrudishi mikono mitupu. Akachukua kikapu chake kizuri kuliko vyote, akakijaza karanga, akamtwisha mgeni kabla hajapata nafasi ya kukataa.

"Mpelekee mkubwa wako. Mwambie kamwene, namsalimu kutoka Kalenga!"

Bwana wa watu akakibeba kweli. Kufika bandarini kwao, karani wa forodha akakigeuzageuza, akamtoza ushuru. Zawadi ya shukrani, jamani! Akalipa kwa aibu, akaenda kumsimulia mkubwa wake kila kitu. Mkubwa alicheka mpaka machozi, halafu akalipeleka jambo hilo kwa wakubwa wenzake. Wakubwa wakabishana msimu mzima. Wengine waliwatetea wasukaji wa nyumbani, wengine wakauliza ina maana gani kumpa mtu blanketi na huku umemfungia soko.

Habari hizo zote alizileta Yunusu, akihema juu ya baiskeli.

"Mama Joachim! Ushuru wameupunguza nusu. Nataka vikapu, vyote ulivyo navyo. Ila yale mablanketi, wamesema hayaji tena."

Marta hakuwa na muda wa kusikitika, alishaanza kutafuta milulu ya kuloweka.

"Yasije. Yalikuwa ya kijivu tu, hata hukuulizwa unapenda rangi gani. Wewe dukani kwako si una yale mekundu? Niwekee moja, nakuja kununua."