Nilidai Jina la Mwanaume Huku Mwanangu Analegea

Nina kinyaa na mikono yangu. Naandika huku naiangalia, na ningekuwa na mingine ningeitupa hii. Jina langu liacheni. Sistahili kulificha wala kulitaja, maana siku ile mimi ndiye niliyekuwa nadai majina ya watu.

Mimi ni mkulima wa tumbaku. Naishi Ilembo hapa Mpanda, shamba liko nje kidogo ya mji. Msimu wa kuchuma, majani yanakuwa yamelowa umande, na ile gundi yake nyeusi inaganda vidoleni mpaka tonge la ugali linabadilika rangi. Tumezoea. Tunaona ndiyo ukulima wenyewe.

Mke wangu alikuwa ananiambia kila siku, "Baba Kabula, nawa kwanza ndiyo umshike mtoto." Kabula si jina la binti yetu, nimembadilishia. Mimi namjibu, "Hii ndiyo harufu inayokuvisha, mama." Halafu nacheka. Nilijiona mwanaume kwelikweli, kumbe mchafu tu!

Kabula alikuwa anaota meno. Nikirudi nimelowa, namkumbatia na koti lilelile la kazi, nampa kidole asugulie fizi. Anakinyonya huku anacheka, udenda unamtiririka.

Siku hiyo mke wangu alikwenda sokoni Kashaulili kuuza nyanya, akamwacha mtoto na mama yangu mzazi. Nilitoka shamba nikamchukua, nikakaa naye uani, kidole mdomoni kama kawaida. Haukupita muda akatapika. Akatapika tena. Midomo ikapauka, jasho la baridi likamtoka, shingo ikalegea kama kitambaa kilicholowa. Namwita, hageuki!

Mama alimwangalia, akasonya. "Mtoto huyu kabemendwa. Muulize mke wako anatembea na nani."

Huku kwetu mtoto anayenyonya akidhoofika bila sababu, wapo wanaosema mama yake ametoka nje ya ndoa. Ndiyo kumbemenda mtoto huko. Na wanasema mama asipotaja jina la huyo mwanaume, dawa haishiki, tena sindano ya hospitali ndiyo inammaliza mtoto kabisa. Nami nikaamini! Mtu mzima, nina simu kubwa mfukoni, nikaamini!

Na shetani hakuhitaji kuhangaika. Muda huohuo mke wangu akashuka barabarani kwenye bodaboda ya jirani yetu, baba wa watu mwenye mke na watoto, ambaye humrudisha sokoni siku za mzigo. Jirani akageuza, akaondoka zake.

Mke wangu alipomwona mtoto, alitupa kapu. Nyanya zilizobaki zikatawanyika uani. "Washa pikipiki, twende hospitali!"

Nikatia ufunguo mfukoni. "Taja jina kwanza."

"Jina la nani?"

"La mwanaume mliyembemenda naye mtoto."

Alinitazama kama hanijui. Majirani walikuwa wameshajaa kwenye uzio. Akawageukia, "Nyie mnaangalia nini? Mwambieni anipe ufunguo!" Hakuna aliyevuka uzio. Mambo ya ndani, walisema baadaye. Akapiga magoti mbele yangu na mtoto mikononi. "Baba Kabula, tumpeleke kwanza. Tukirudi, unichinje."

Nikasema, "Jina."

Kabula akaanza kutetemeka, macho yakageuka juu. Mke wangu akamwangalia mtoto, akaniangalia mimi, akasimama. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Ni huyo aliyenileta sasa hivi! Nimetembea naye! Umeridhika? Lete ufunguo!"

Na mnajua nilisikia nini moyoni? Nilisikia nimeshinda. Mwanangu anakata roho, mimi nasikia raha ya ushindi! Hapo ndipo ninapojichukia kuliko pengine pote.

Hospitali walimpokea mbiombio, wakamwekea hewa na maji ya mshipa. Daktari akamwinamia, akanusa nywele zake, akanusa kidevu. "Nyumbani nani anavuta sigara?" Nikasema hakuna. Akaiona mikono yangu.

"Kazi yako nini, baba?"

"Tumbaku."

"Na ulimshika hivihivi?"

Nikaificha mikono mgongoni. Akaagiza mtoto avuliwe nguo zote na aoshwe. "Hii ni sumu ya tumbaku. Imepita mdomoni, imepita na kwenye ngozi."

Jamani! Kila msimu vibarua wageni wanatapika shambani na kuona kizunguzungu kwa kushika majani mabichi. Tunawacheka, tunasema tumbaku imewalevya. Niliyajua hayo miaka yote. Nilijua linaloangusha wanaume wenye misuli, nikampa mwanangu anyonye!

Nikamgeukia mke wangu. Sijui nilitaka kusema nini. Aliniwahi.

"Lile jina nililotaja, nenda ukalirudishe. Mimi niliokota la kwanza lililonijia, ili mwanangu apone."

Kabula alipona, Mungu ni mwema. Jina ndilo halikurudi. Nilipita mlango kwa mlango hapo Ilembo nikieleza kwamba nilimlazimisha. Wananijibu, "Si alikiri mwenyewe tukimsikia?" Mke wa jirani alifungasha akaenda kwao. Mama yangu mpaka leo ananiambia, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Namheshimu mama, lakini siku hizi akisema hivyo natoka nje nikateme mate.

Nilikwenda kwa jirani mwenyewe kuomba radhi. Nilijua atanipiga, na nilitaka anipige. Akaniuliza, "Mtoto anaendeleaje?" Nikasema amepona. Akaingia ndani akafunga mlango.

Mke wangu yuko kwao Majengo na Kabula. Nikienda kumwona mtoto, nakuta mama mkwe ameshaniwekea maji na sabuni mlangoni. Nanawa mpaka viwiko, naingia. Juzi Kabula alikamata kidole changu akakipeleka mdomoni, na mama yake akainuka alipokuwa amekaa. Nikakivuta. Mtoto akalia.

Wenzangu wa tumbaku, koti la kazi livueni hukohuko shambani, ogeni ndipo mshike watoto. Na mtoto akilegea ghafla, mbebe ukimbie naye hospitali. Usiulize jina la mwanaume! Mimi niliuliza mbele ya watu, na mwanaume aliyemdhuru mwanangu alikuwa amesimama palepale uani, ufunguo mfukoni.